Vitabu Arobaini vya Mhandisi Rafik

Tasoni Tafida Bushra alikuwa amekwisha kula mkate wa baraka na kuagana na watakatifu wote ukutani, mmoja mmoja kwa jina, alipoikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa maktaba yake ya kanisani. Ilikuwa karatasi nzuri yenye kung'aa, ina mpaka wa rangi ya dhahabu, na juu kabisa msalaba. Chini ya msalaba iliandikwa: VITABU AROBAINI VINAVYOPENDEKEZWA NA KAMATI. Vikafuata vitabu arobaini. Na chini ya vyote, kwa herufi ndogo kama za mtu anayekohoa pembeni ili asisikike, ilisemwa kwamba vitabu vingine vyote vitaondolewa Ijumaa, ili chumba kitumike kwa mpira wa meza.

Aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza aliisoma kama Mkristo. Mara ya pili, kama mwalimu mstaafu wa jiografia. Mara ya tatu aliisoma kama mtu anayetafuta kitu kizito cha kushika mkononi.

Ulikuwa mfungo wa kabla ya Krismasi, ambapo Mkristo Mkopti wa Misri haruhusiwi kula nyama, wala maziwa, wala mwenzake. Mawili ya kwanza Tafida aliyashika barabara.

Katika mji wote wa Mallawi hapakuwa na mtu asiyejua habari za Tasoni, yaani Dada, Tafida na vitabu. Alijifunza kusoma akiwa na miaka mitano, kwenye karatasi ambazo muuza jibini alifungia bidhaa zake. Akiwa na saba alikuwa akimsomea bibi yake maisha ya watakatifu kila alasiri, na bibi, ambaye hakujua hata herufi moja, alimpiga kofi la mgongo kila aliporuka mstari. Alisoma akitembea, akagonga nguzo. Alisoma akipika, akaunguza. Wachumba wawili walikuja kumposa: mmoja alisema kusoma huharibu macho ya wanawake, wa pili hakusema kitu ila alipiga miayo alipoonyeshwa rafu. Wote wawili walipewa chai na kuonyeshwa mlango. Alipofika miaka ishirini na saba akakabidhiwa kabati moja lenye vitabu sitini, katika chumba cha juu ya kisima cha ubatizo. Sasa alikuwa na sabini na moja, na vitabu vilikuwa elfu moja na mia tisa.

Tena hakuvitunza tu. Alivipendekeza. Mtu alipanda ngazi, Tafida akamtazama usoni kwa kadiri ya pumzi mbili, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatoa kitabu. Bibi harusi alipewa kile cha mtawa aliyeishi pangoni miaka arobaini na mwenzake mwenye gubu. Kijana anayekwenda jeshini alipewa kile cha kufunga, maana jeshini atafunga tu, apende asipende. Hakuuliza maswali. Daktari mzuri, alisema, humjua mgonjwa kwa namna anavyobisha hodi.

Basi akashuka ngazi, na karatasi mkononi, mpaka uani ambako waumini walikuwa wanakunywa chai na kula mikate yenye maharage. Mwenyekiti wa kamati alikuwa katikati yao: Mhandisi Rafik Fanus, miaka thelathini na minane, muuzaji na mfungaji wa viyoyozi, ana shati lililopigwa pasi kana kwamba hakuwahi kuinama maishani.

"Rafik."

"Tasoni. Tupe baraka zako."

"Zimekwisha. Nani ametengeneza hii?"

"Kamati."

"Kamati ina macho?"

"Kamati ina watu saba, Tasoni."

"Nimeuliza macho. Wewe umesoma vingapi katika hivi arobaini?"

Rafik alifuta mdomo kwa leso, taratibu. "Si lazima nivisome mimi. Mimi nilitakiwa nipunguze. Vijana hawapandi kule juu. Wanakuja kanisani, wanasimama barabarani kuvuta sigara. Nikiwawekea meza ya mpira, watakuwa ndani."

"Kwa hiyo mpira utawaondolea sigara."

"Vitabu vimewaondolea?"

Watu waliokuwa karibu wakapunguza kutafuna. Tafida alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele zake nyeupe, lakini kabla hajajibu, Rafik alishusha sauti kama mtu anayetoa zawadi.

"Halafu wewe ndiye ungefurahi kuliko wote. Sisi hatukuchagua kitu. Tulifungua daftari lako kubwa, lile la majina ya vitabu vyote. Tukakuta vitabu arobaini umeviwekea msalaba mwekundu pembeni. Tukasema, basi, Tasoni mwenyewe amekwisha kutuchagulia. Hata askofu amepelekewa nakala."

Tafida akaitazama tena karatasi. Akaanza kuyapitia majina kutoka juu, na safari hii aliyatambua kwa mpangilio wake, kama mtu anavyotambua wagonjwa kwa mpangilio wa vitanda.

Msalaba mwekundu ulikuwa ule unaochorwa kwenye gari la wagonjwa. Vile vilikuwa vitabu vilivyoliwa na panya, vilivyolowana siku bomba lilipopasuka, vilivyonyofolewa kurasa na watoto wa mafundisho ya Ijumaa. Alikuwa amevitenga kwa ajili ya mjalidi, fundi wa kushona vitabu, kutoka Minya, na mjalidi alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma bila kuacha mrithi. Kamati ilikuwa imepitia maktaba nzima, ikaacha kila kitabu kizima kiende zake, ikachagua vilema arobaini, ikawawekea mpaka wa dhahabu.

Alifungua mdomo aseme. Kisha akaufunga.

"Vizuri," alisema. "Ijumaa saa ngapi?"

"Saa tano, baada ya misa. Ami Galal wa vikuukuu atakuja na mkokoteni."

"Mtasoma kidogo kabla ya kupakia? Ni adabu, kitu kipya kikizinduliwa, kisomwe."

"Hilo ni wazo zuri, Tasoni," Rafik alisema, na kwa kweli alionekana amepona kitu.

Hasira ya kelele hutoka na mvuke wake. Iliyofunikwa huiva kama figili katika siki, na Tafida alikwenda nyumbani akiwa mtungi mzima. Wifi yake Nargis, mjane wa kaka yake, aliyeishi naye, alikuwa anakoroga uji mzito wa maharage na mboga. Tafida alimweleza yote amesimama, bila kuvua koti.

Nargis alicheka mpaka mwiko ukamwanguka. Kisha akauokota. "Mwambie, wifi. Mpigie simu sasa hivi umwambie."

"Nitamwambia mbele za watu."

"Hiyo ni dhambi."

"Nitaungama Jumamosi."

"Dhambi unaipangia ratiba kama basi la Asyut." Nargis alipakua uji, akaumwagia mafuta na kitunguu cha kukaanga. "Huyu kijana alikukosea nini? Maana hasira hii si ya karatasi. Ya karatasi ingekuwa imekwisha kabla hujafika jikoni hapa."

Tafida alikaa. Alikula vijiko vitatu. "Ni mtoto pekee katika mji huu niliyempa kitabu akakirudisha kesho yake na asirudi tena. Miaka ishirini na saba. Anapita chini ya dirisha langu kila Ijumaa na hainui kichwa. Leo ndiyo amepanda, na kitu cha kwanza anachofanya ni kutoa vitabu nje."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Nani anakumbuka. Kumi, kumi na moja."

"Ulimpa kitabu gani?"

"Kizuri," alisema Tafida.

Ijumaa saa tano chumba cha juu kilijaa kuliko Pasaka. Waliokuja kwa ajili ya vitabu walikuwa wanne. Waliobaki walikuja kwa ajili ya meza ya mpira, ambayo ilikuwa imelazwa ubavu kwenye korido, mpya, ya kijani. Chini getini Ami Galal, mnunuzi wa vikuukuu, alikuwa ameegesha mkokoteni wake, na punda wake alikuwa anakula tangazo la harusi. Abuna Bisenti, kasisi, mtu mfupi mwenye ndevu za watu wawili, aliketi mbele. Kwenye meza viliwekwa vile arobaini, vimefungwa utepe.

Tafida aliketi kiti cha nyuma kabisa, mikono juu ya mkoba. Kwa nje alikuwa picha ya mtu aliyekubali. Ndani alikuwa anahesabu.

Rafik alizungumza kwa ufupi juu ya kizazi kipya na uingizaji wa hewa. Kisha akamkabidhi Abuna kitabu cha kwanza, maisha ya mtakatifu mmoja wa jangwani, awasomee wote.

Abuna alisoma kwa sauti yake ya misa. Mtakatifu alizaliwa. Mtakatifu aligawa mali yake. Usiku mmoja wa baridi mtakatifu alisikia hodi, akainuka, akamfungulia mlango mgeni, akamwambia, karibu ndugu yangu, kaa karibu na moto. Abuna akageuza ukurasa. "Nao wakamzika kando ya kisima, wakiimba."

Abuna aliinua macho.

"Mgeni huyo alikuwa mtu mbaya sana," sauti ya kijana ilisema kutoka dirishani.

Abuna alirudi ukurasa nyuma, akaenda mbele. "Hapa nimetoka ukurasa wa kumi na sita, nimeingia wa arobaini na tisa." Alikiweka chini kwa heshima, kama mtu anayefunika maiti, akachukua cha pili. Hiki kilikuwa juu ya sala. Alikifungua mwanzo. "Kinaanza ukurasa wa sitini na moja," alisema. "Neno la kwanza ni amina."

Sasa vicheko vilianza, vya chini chini, vya kanisani, ambavyo ndivyo vibaya kuliko vyote. Shemasi mmoja akachukua cha tatu kwa hiari yake. Kilikuwa juu ya unyenyekevu. Ndani yake hapakuwa na kitu: lilibaki jalada, na picha kubwa ya mwandishi.

Chumba kilipasuka. Wanawake walishika vifua. Punda, chini, aliitikia.

Tafida aliinuka. Alisubiri wanyamaze, maana alifundisha miaka thelathini na alijua kusubiri. "Naomba kueleza," alisema, kwa sauti tamu ya kutisha. "Msalaba mwekundu ni wa wagonjwa. Hivi ni vitabu vilivyokosa kurasa. Niliviandikia ili vitibiwe. Mhandisi wetu amevipendekeza kwa kanisa zima na kwa askofu. Simlaumu. Mtu asiyesoma akichagua vitabu ni sawa na kipofu anayeuza vioo. Atakuuzia chochote, mradi hakijamkata yeye."

Wakacheka tena. Rafik alikuwa amesimama karibu na meza, shingo nyekundu mpaka kwenye kola. Hapo ndipo Tafida angeketi. Nargis, kutoka safu ya tatu, alimwonyesha kwa macho aketi. Lakini siki ya siku tano ilikuwa ndani yake.

"Namjua huyu tangu mtoto," aliendelea. "Nilimpa kitabu kimoja tu maishani mwake. Kimoja. Kikamshinda."

Rafik aliinua kichwa.

"Hakikunishinda," alisema. "Nilikisoma chote."

"Kwa usiku mmoja?"

"Kwa usiku mmoja. Unakumbuka kilikuwa kipi?"

Tafida alihamisha mkoba mkono wa pili.

"Cha kijani. Ninakikumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka nyumba yetu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Tasoni. Mama alizikwa Jumanne. Ijumaa baba akanileta hapa, nimesimama pale, pale alipoketi Umm Wagdi. Ukanitazama, ukanyoosha mkono, ukanipa. Hukuniuliza hata jina la mama." Hakuwa anapaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mama mtakatifu aliyezika watoto wake watano na hakutoa chozi hata moja, kwa sababu alikuwa na imani. Kila sura hakutoa chozi. Na wale waliolia, mwandishi anasema, walikuwa wanamnung'unikia Mungu. Nikaona, sawa. Mimi ni mtoto mzuri. Sitanung'unika. Nikakurudishia kesho yake. Ukaniuliza, umekipenda? Nikasema ndiyo. Ukanipiga-piga kichwani."

Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Sijalia mpaka leo," alisema Rafik. "Baba alikufa, sikulia. Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati, alikaa kwenye kile kisanduku cha kioo siku ishirini, mke wangu analia, mimi nimesimama kama ubao. Ni vizuri sana kwa biashara. Basi usiniambie kitabu kilinishinda. Nilishinda mimi."

Sasa Tafida alipaswa kusema neno, na neno lilikuwepo, dogo tu, hata mtoto angelipata. Alichosema ni hiki: "Kile ni kitabu kizuri. Kimechapwa mara saba."

Rafik aliinama, akachukua koti lake, akatoka. Walisikia hatua zake kwenye ngazi, moja moja, mpaka chini.

Baada ya muda Ami Galal aliingiza kichwa mlangoni. "Abuna, samahani. Napakia au sipakii? Punda anauliza."

"Mwambie punda aende salama," alisema Abuna. Alibandua ukutani nakala nyingine ya ile karatasi ya dhahabu, akaigeuza upande mweupe, akampelekea Tafida. "Kuna orodha moja tu nitakayoibandika hapa. Ya kinachokaa na kinachotoka. Iwe na sahihi mbili, yako na yake. Jumapili kabla ya misa. Sahihi ikiwa moja, nitafunga chumba na kumpa ufunguo askofu, msisome wala msicheze."

"Abuna, kijana yule hawezi—"

"Tafida," alisema Abuna, bila Tasoni, "keti."

Jumamosi, badala ya kwenda kuungama, alipanda maktaba na kukichukua kile cha kijani. Mkono uliijua njia. Kilikuwa rafu ya tatu, mwisho wa kulia, karibu na kiti, kwa sababu kilitoka mara nyingi. Miaka arobaini na nne alikuwa amewapa wafiwa wote wa Mallawi kitabu hiki. Yeye mwenyewe alikisoma mara moja, akiwa na miaka ishirini na saba, wazazi hai, kaka hai, na alikuwa amekiona cha ajabu.

Alikaa kwenye jua la dirishani ili amthibitishie Rafik Fanus kwamba amekosea. Alifika ukurasa wa tisa.

Kwenye ukurasa wa tisa mtoto wa kwanza aliletwa nyumbani kwa mama yake amefunikwa shuka, na mama, ndivyo alivyoandika mwandishi, alitabasamu. Tafida alisimama kwenye neno hilo. Alimkumbuka mama yake mwenyewe siku walipomleta kaka. Alimkumbuka Umm Wagdi, ambaye yeye Tafida alimpa kitabu hiki juma lile lile alilomzika binti yake, na ambaye tangu siku hiyo humsalimia kwa adabu nyingi mno. Alifungua mkoba, akatoa kalamu ya wino.

Alikuwa hajawahi kuandika ndani ya kitabu. Watoto waliokunja pembe ya ukurasa walisimamishwa mguu mmoja. Aliandika pembeni ya neno lile: *Nani alimwona?*

Baada ya hapo hakuweza kuacha. Ukurasa wa kumi na mbili, ambapo majirani walishangaa uthabiti wake: *Majirani walikuwa wapi usiku?* Wa kumi na tisa, ambapo machozi yaliitwa sumu ya roho: *Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake. Na yeye alikunywa sumu?* Wa ishirini na nne: *Mwandishi hana mama. Ameanguliwa.* Kalamu ilitoboa karatasi. Alikuwa na hasira na mwandishi, na mchapaji aliyekichapa mara saba, na mwanamke aliyekaa juu ya kisima cha ubatizo miaka arobaini na nne akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Huyu wa mwisho hakumwandikia kitu pembeni. Pembeni hapakutosha.

Nargis alimkuta hapo saa tisa, vidole vyeusi. Alitazama kitabu, akamtazama wifi yake.

"Nilikupa wewe pia," alisema Tafida. "Kaka alipokufa."

"Ulinipa."

"Ulikisoma?"

"Nilikiweka chini ya mguu wa kitanda. Kitanda kilikuwa kinayumba." Nargis alikaa. "Nililia mimi, na kwa niaba yako pia, wifi. Na wewe ulikuwa chumba cha pili unasoma."

Duka la Rafik lilikuwa karibu na stesheni. Desemba hakuna anayenunua kiyoyozi. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti kidogo, amefungua kipasha joto cha mtu na kuzipanga skrubu zake kwenye sahani ya chai. Alimwona Tafida mlangoni na hakuinuka, jambo ambalo katika Mallawi ni tusi kamili.

"Umekuja na orodha," alisema.

"Nimekuja na kitabu."

"Naam. Umenitazama usoni ukaona dawa yangu."

"Sijakutazama. Chukua."

Aliona rangi ya kijani, akarudi kwenye skrubu zake. Hakupokea. Tafida akakiweka juu ya meza, katikati ya skrubu, akakifungua ukurasa wa tisa, akasogea nyuma. Alibaki amesimama, maana kiti kilikuwa kimoja na hakutaka kuomba kingine.

Rafik alitazama kando. Kisha, kwa kuwa maandishi yalikuwa pale na mtu aliyejua kusoma hawezi kuyakataza macho, akasoma. Akafungua. Akafungua tena. Kwenye ukurasa wa ishirini na nne pua yake ilitoa pumzi fupi, si cheko.

"Ameanguliwa," alisema.

"Ndivyo ninavyoona."

"Umeandika kwa wino."

"Sikuwa na kisu."

Aliendelea kusoma. Nje treni ya Sohag ilipita na vioo vikatetemeka, hakuinua kichwa. Tafida alisimama na kumtazama mtu huyu anasoma, na alikuwa bado na hasira naye: kwa ile karatasi ya dhahabu, kwa punda, kwa kuwa na haki mbele ya watu wote. Alitaka kumwambia kwamba yote ni kosa la mwandishi. Alitaka kumwambia kipi kingemfaa badala yake, maana kilikuwepo, rafu ya pili, chembamba. Ulimi ulikuwa tayari. Aliuuma.

"Kitoke hiki," alisema mwishoni. "Andika cha kwanza kwenye orodha. Nitatia sahihi. Mengine tutagombana."

"Hapana."

"Rafik, nisikilize—"

"Kikitoka, mtoto mwingine atakipata dukani, safi, bila maneno yako. Kikae, na wino wote. Aone kuna mtu amegombana nacho." Aligeuza ukurasa. "Vyote vikae. Meza ya mpira itatosha koridoni tukihamisha kabati la mishumaa, nimepima. Lakini katika kile chumba ukimpa mtu kitabu, umwulize kwanza. Hilo nataka liandikwe."

"Nimwulize nini?"

"Chochote. Nani amekufa. Mwache aseme."

Tafida aliitoa ile karatasi kwenye mkoba, upande mweupe. Akaandika, herufi za ubaoni, mstari mmoja tu. Akatia sahihi, akamsukumia. Rafik alisoma, akatia yake.

"Mama yako," alisema Tafida, na sauti ilikuwa ya ukali, hakuwa na nyingine. "Alikuwa anaitwa nani? Mimi nilimjua kwa jina la baba yako tu."

Rafik aliisukuma skrubu moja ukingoni mwa sahani.

"Awatef," alisema. Kisha akatazama chini kwenye kitabu. "Hapa, ishirini na tisa, hukuandika kitu. Hapa ndipo wanamzika yule mdogo."

"Wino uliisha."

"Nipe kalamu nyingine."

Palikuwa na kalamu ya risasi kwenye mkoba. Alimpa. Rafik alisogeza sahani ya skrubu, akainamisha kichwa karibu na karatasi kama watoto wanavyofanya, na akaanza kuandika pembeni, taratibu, kuzunguka ukurasa mzima, juu, kulia, chini, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekinga macho. Kitu kilidondoka kwenye karatasi; akakipangusa kwa kidole gumba, akaendelea kuandika.

Maneno yalikuwa wazi kabisa kutoka pale aliposimama. Tafida Bushra aligeuka, akautazama ukuta wenye bei za viyoyozi, na hakusoma hata hizo.